Ushahidi wa Mtengeneza Ngozi

Wamepokezana wasimulizi wema, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, ya kwamba katika mji mmoja wa bondeni, zama za kale, aliishi mcha Mungu aitwaye Suhaibu, mtengeneza ngozi. Funga za sunna hazikumpita, na ulimi wake ulikuwa mkweli hata wauza mbuzi walimkwepa sokoni. Ngozi mbichi aliziloweka katika mashimo ya chokaa na mavi ya njiwa, kisha maji yake akayamwaga mferejini, akisema, "Nendeni na rehema za Mola." Nayo yalikwenda kweli! Yalikwenda mpaka birika la msikiti na mitungi ya watu.

Mwaka mmoja watoto wakaanza kuharisha, na wazee wakashika matumbo. Desturi ya mji ule, maji yakishukiwa, huchaguliwa muadilifu mmoja ayapime rangi, ladha na harufu, kisha ashuhudie mbele ya jamaa. Wakamchagua nani? Suhaibu! Akainama birikani, akatazama, akaonja, akavuta pumzi kifua kizima.

"Rangi si haba, chumvichumvi kidogo. Na harufu, wallahi, sisikii yoyote."

Watu wakahimidi, wakaendelea kunywa.

Akarudi nyumbani kifua mbele. Mkewe, Bi Hanuni, alimpokea amejiziba pua kwa pembe ya shela.

"Baba Yahya, eti umeshuhudia maji hayanuki?"

"Hayanuki, mke wangu."

Bi Hanuni alicheka mpaka akakaa chini. "Jamani! Juzi panya ameoza chini ya mkeka wako, ukaniuliza mbona sili. Miaka thelathini ya chokaa imeiua pua yako, leo umekuwa kadhi wa harufu?" Kisha kicheko kikamkauka. "Binti wa jirani, Rabia, hajafumbua macho tangu alfajiri. Wanamnywesha maji yale yale, kwa kuwa wewe umeapa."

Suhaibu akatoka mbio hadi mferejini. Upande maji yanakotoka, kabla ya kufika mashimo yake, visamaki vilicheza. Upande yanakoelekea mjini, povu la kijivu na majani yaliyoungua. Nafsi ikamnong'oneza: "Hukukusudia. Hamisha mashimo polepole, na heshima yako ibaki." Akaijibu kwa sauti, "Na watakaokunywa jioni hii?"

Akakimbia msikitini bila viatu, kilemba kikimfungukia shingoni, akafika wakiadhini alasiri. "Msinywe! Msitawadhe! Mimi ndiye niliyeyachafua, na ushahidi wangu ni batili. Pua yangu imekufa, enyi waja wa Mungu, wala sikujua!"

Ndipo mzee mmoja akakohoa. "Sisi tulijua, Suhaibu. Hata maji tuliyasikia yakinuka. Ila tuliona haya kumpinga mtu mwema kama wewe."

Imamu Naufali akashika kichwa. "Subhanallah! Kumbe mwenzetu kapotea kwa kutojua, sisi tumepotea kwa adabu. Chukueni mitungi, pandeni juu chemchemini! Na majembe pia!"

Lo, jioni ile ungeuona mji! Imamu kakunja kanzu hadi magotini, wauza mbuzi wanachimba, wanawake wanapiga vigelegele na kukanda udongo wa mfinyanzi. Wakachimba mashimo mapya mbali na mfereji na visima, wakayakandika yasivuje, ili maji ya ngozi yakauke juani. Suhaibu hakuchimba kwanza. Alibeba mtungi wa maji ya chemchemi hadi mlangoni kwa Rabia.

"Mama Rabia, niliapa uongo, na mwanao ameumia. Nipokee au nifukuze."

Mama wa mtoto akautwaa mtungi, akafunga mlango.

Siku sita alikwenda, siku sita mtungi ukapokewa na mlango ukafungwa. Siku ya saba mlango ulifunguka kabla hajabisha. Rabia alikuwa ameketi kitandani. Akanywa kikombe kizima, kisha akaomba cha pili.

Ndugu zangu, wangapi kati yetu tunasoma nyiradi kwa sauti tamu, na huku mtaro wetu umeelekea kwa jirani? Na wangapi tunausikia uvundo, tukanyamaza kwa staha? Mola atujaalie ujasiri wa kukiri wakati mgonjwa bado ana kiu.