Hodi Tatu za Bi Mize

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi, kwamba katika pwani yetu hii palikuwa na mji wa mawe usio na mto wala kisima cha maji matamu. Watu wake walikunywa mvua. Mvua iliponyesha juu ya paa la msikiti, ilifuata mifereji ya chokaa mpaka ndani ya birika kubwa lililochimbwa chini, na maji ya birika hilo yalikuwa wakfu. Hayakuwa ya tajiri wala ya maskini, yalikuwa ya kila mwenye kiu.

Birika hilo liliangaliwa na watu wachache waliojitolea kwa kutaka radhi za Mola wao. Hawakulipwa kitu. Walipokezana kuzibua mifereji, na kila kiangazi kilipokaribia walikutana kupanga namna ya kugawa maji mpaka mvua irudi. Mkubwa wao aliitwa Shekhe Idarusi, mtu mwadilifu, wa swala na saumu, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisema uongo. Ila maneno yake, Mungu amrehemu, yalikuwa marefu. Ukimwuliza njia ya sokoni, akimaliza kukueleza soko limefungwa.

Tangu zama za babu zao, vikao vya birika vilifanyika palepale ukingoni, baada ya swala ya alasiri, wakati ambao watu huja kuteka. Wasimamizi walikaa chini, na kila aliyeteka alisikia. Akiwa na neno, alitua mtungi wake akalisema. Hapo ndipo alipopata nafasi yake Bi Mize, aliyekuwa akiosha maiti za wanawake. Kila mwaka, mipango ikikaribia kukamilika, Bi Mize alisimama akauliza, "Na wafu wenu je, mmewakumbuka?" Watu walicheka. Yupo aliyemwambia kwamba wafu hawaoni kiu, naye akamjibu, "Kufa wewe kwanza, halafu uje unieleze." Baada ya hapo mtungi mmoja mkubwa ulitengwa kiangazi kizima kwa ajili ya kuoshea maiti. Haikuwa sheria ya mtu yeyote. Ilikuwa ni ulimi wa Bi Mize tu.

Ukaja mwaka ambao mvua zilikuwa haba, na kupanga maji kukawa jambo zito. Miongoni mwa wasimamizi alikuwamo Bwana Mshamu, mtu aliyeneemeshwa, mkarimu kwelikweli, ambaye mgeni hakutoka kwake na njaa. Akasema si heshima wazee kukaa juani na kukatizwa na kila mpita njia. Akawaomba wahamie nyumbani kwake. Huko kulikuwa na mazulia, na kahawa, na halua, na chumba cha ndani kabisa chenye ubaridi. Wenzake walikubali, na nani asingekubali? Ukingo wa birika ni jiwe, na makalio ya watu wazima si ya kukaa juu ya jiwe. Shekhe Idarusi aliuliza jambo moja tu, kwamba watu watafikaje. Bwana Mshamu akajibu kwamba mlango wake haufungwi mchana, mwenye neno aje. Na hakusema uongo, mlango ulikuwa wazi.

Basi wakakaa, wakashauriana kwa utulivu ambao hawajawahi kuupata, na walichokiamua kilikuwa cha haki. Birika litiwe kufuli. Lifunguliwe baada ya swala ya alfajiri tu. Kila jiko lipate mtungi mmoja, la Shekhe na la mchukuzi sawasawa. Wakaahidiana kwamba hakuna atakayelifungua wakati mwingine, hata awe nani. Wakanywa kahawa, wakamhimidi Mola, wakaenda zao wakiwa wameridhika. Hakuna aliyewataja wafu.

Joto likashika. Mchana mmoja akafariki Mwanasha, mke wa kijana mmoja mchoma chokaa. Alifariki katika uzazi, mtoto akabaki. Bi Mize aliitwa, akakuta mtungi wa nyumba ile umekwisha tangu asubuhi kwa shughuli za uzazi. Na maiti wa uzazi, katika joto kama lile, hawezi kulazwa mpaka kesho. Akajifunika shuka lake, akaenda moja kwa moja kwa Shekhe Idarusi, akamweleza.

Shekhe alihuzunika, akamwombea marehemu, kisha akasema, "Bi Mize, tumeahidiana lisifunguliwe ila alfajiri, hata kwa ajili yangu mimi. Nikilifungua leo kwa ajili yako, kesho nitamkatalia nani? Na dini yetu ni nyepesi. Mtayamamisheni kwa udongo safi."

Bi Mize akasema, "Tayamamu ni ya aliyekosa maji, Shekhe. Huyu hakukosa maji. Maji yapo, yamefungwa na watu wema."

Akamwacha pale mlangoni. Hakulia wala hakupiga kelele. Alirudi nyumba ya msiba, akauweka mtungi mtupu kizingitini, akakaa kando yake na kuanza kutwanga majani ya mkunazi ya kuoshea maiti, kana kwamba maji yako njiani.

Jirani wa kwanza alipita, akautazama mtungi, akamtazama Bi Mize, akarudi kwake. Alipotoka alikuwa na kata moja ya maji. Akaimimina, akaenda zake. Akaja mwingine, naye huyo maji yake yalikuwa ya uji wa watoto. Akaja kikongwe ambaye mtungi wake ulikuwa umebakiwa na maji ya tope chini, akayachuja kwa kitambaa akayaleta. Uchochoro mzima ukatoka, kata kwa kata, kila mmoja akijinyima katika kile kidogo alichobakiza, mpaka mtungi ukajaa. Mwanasha akaoshwa kama anavyostahiki muumini kuoshwa, akatiwa kafuri, akavishwa sanda.

Shekhe Idarusi naye moyo wake haukutulia. Akauchukua mtungi wa nyumbani kwake, akautia begani mwenyewe, yeye mtu mzima na kilemba chake, akaufikisha msibani huku maji yakimmwagikia kanzu. Akakuta wa Bi Mize ulishajaa na maiti ameshaoshwa.

"Umechelewa, Shekhe," Bi Mize akamwambia. "Lakini weka hapo. Wazikaji watatawadhia."

Mazishi yakapita. Watu wakakaa barazani kwa mfiwa, na manong'ono yakaanza. Wakasema hayo ndiyo maji yanayogawiwa vyumbani. Mmoja akadai kwamba nyuma ya nyumba ya Bwana Mshamu kuna mtungi usiokauka. Mwingine akaapa kwamba shemeji yake ameuona. Uongo mtupu, hakuna aliyechukua hata kata moja zaidi ya haki yake. Lakini nani angewakanusha? Jambo lilipangwa ndani, na waliokuwa nje hawakuliona likipangwa.

Maneno hayo yalimfikia Shekhe yakamchoma, maana alikuwa mtu aliyejijua kuwa ni msafi, na msafi akisingiziwa huumia kuliko mwingine. Akamwendea Bi Mize mbele ya wote, na wasimamizi wenzake wapo, akamwambia, "Bi Mize, miaka yote hukuacha kutukumbusha wafu. Mwaka huu umenyamaza, na lawama leo ni yetu. Kwa nini hukuja?"

"Nilikuja."

"Lini?"

"Siku yenyewe ya kikao. Nilisimama mlangoni kwa Bwana Mshamu nikapiga hodi. Nikapiga ya pili. Nikapiga ya tatu. Nawe ndiwe uliyetusomesha kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha tuombe ruhusa mara tatu, na asiyeitikiwa arudi zake wala asione uchungu. Basi nikarudi zangu. Uchungu sikuuona, nilikuwa na mtungi wa kubeba."

Shekhe akawageukia wenzake. Mmoja akasema hakusikia. Mwingine naye akasema kile chumba ni cha ndani mno, sauti ya mlangoni haifiki. Maneno yangeweza kuishia hapo, na waliosema wasingekuwa wamesema uongo. Bwana Mshamu alikuwa amekaa akitazama mikono yake. Manong'ono yote yalikuwa juu ya nyumba yake, na lau angenyamaza hakuna kiumbe ambaye angejua.

Akasema, "Mimi nilisikia."

"Ya kwanza sina hakika. Ya pili niliisikia, na ya tatu niliisikia. Shekhe alikuwa akizungumza, nikaona si adabu kumkatiza. Nikasema moyoni, akifika kituoni nitaitikia."

"Basi ungeitikia leo," Bi Mize akasema.

Walikuwa msibani, na watu waliinamisha nyuso zao kwa haraka, lakini mabega yao yalionekana yakitikisika. Hata mfiwa mwenyewe, na mwanawe mchanga mapajani mwake, aliinua uso kwa mara ya kwanza siku ile.

Shekhe Idarusi, kwa kudra ya Mola, mara hii hakurefusha. Akasema, "Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenionyesha kosa langu nikiwa bado hai. Tazameni, ndugu zangu. Aliyepiga hodi alikuwa na adabu. Aliyenyamaza alikuwa na adabu. Nami niliyekuwa nikisema, nilisema kwa adabu. Na maiti akakosa maji. Kama sisi sote tulikuwa na adabu, basi kosa ni la mahali. Tutafute mahali ambapo mtu haombi ruhusa."

Wakaanza kutafuta. Aliyetaja nyumba ya Shekhe aliambiwa kwamba hata hapo hodi ni ileile, na mwenyeji anasema zaidi. Aliyetaja msikiti alikumbushwa kwamba wamo wanawake ambao siku nyingine hawaingii, na yumo mchoma chokaa atakayebaki nje kwa kuogopa kuchafua mikeka. Nyumba ya liwali ina walinzi. Ukingo wa birika nao, maadamu limetiwa kufuli, alasiri hapapiti mtu. Ndipo mfiwa akalitaja gofu lililokuwa kati ya soko na msikiti, nyumba ya watu waliokwisha kufa wote bila mrithi. Paa lilikuwa limeanguka. Mlango ulikuwa umeliwa na mchwa zamani, umebaki uwazi tu, na kila aendaye sokoni au msikitini lazima apite ubavuni pake.

Msimamizi mmoja akasema pale pana jini.

"Naye akitaka kusikiliza akae," akajibu Bi Mize. "Si anakunywa maji yetu?"

Wakalifagia gofu wakatoa taka. Muadhini akapewa kazi ya kutangaza siku ya kikao mapema, baada ya swala ya Ijumaa, ili asitokee wa kusema hakujua. Na Bwana Mshamu, ambaye watu walidhani atanuna kwa kunyang'anywa wageni wake, alifika wa kwanza. Alikuwa amebeba mkeka kwapani na dele la kahawa mkononi, amebeba mwenyewe. Akamwambia Shekhe kwamba katika ukarimu wake wote hakuwahi kumkaribisha mpita njia asiyefika mlangoni pake, na leo atapata thawabu hiyo. Akamimina kikombe cha kwanza, akampelekea mchoma chokaa.

Shekhe Idarusi aliswali rakaa zake, akafungua kikao. Jambo la kwanza lilikuwa mtungi wa maiti, nao ukatengwa papo hapo, na ikakubaliwa kwamba kufuli lifunguliwe saa yoyote penye msiba au uzazi. Yakafuata mengine. Watu walipita, wakasimama, wakasema yao, wengine ya maana na wengine upuuzi, na yale yote yakasikilizwa. Shekhe kila akirefusha, mpita njia mmoja alikohoa.

Mipango ilipokamilika, kabla haijapitishwa, Shekhe aliinuka. Akatembea mpaka kwenye ule uwazi usio na mlango, akasimama akitazama nje walikokuwa watu, akasema kwa sauti, "Hodi!"

Watu wakatazamana. Hapana aliyejua ajibu nini, maana maisha yao yote wao ndio waliokuwa wakipiga hodi kwa wakubwa. Hapana mkubwa aliyepata kuwapigia wao.

"Hodi!" akasema tena, akangoja. Kimya.

"Hodi!"

Bi Mize alikuwa anapita na kikapu cha majani ya mkunazi kichwani. Akasimama.

"Karibu, Shekhe," akasema. "Lakini usikae sana na maneno."

Wanasema ikawa ndiyo desturi ya mji ule. Halikupitishwa jambo la birika mpaka mkubwa wa kikao asimame penye uwazi, apige hodi kwa watu, na watu wamkaribishe. Mvua iliporudi ilikuta watu wamekonda, lakini hawana kinyongo, na hiyo ni neema isiyopatikana kila kiangazi.

Nasi leo tunazo kamati zetu, za shule, za msikiti, za maziko, na wengi wanaozishika wanajitolea jioni zao bila kuambulia hata ahsante. Mimi nawaambia ahsante, na Mola awalipe, maana wangekaa kwao wakalala hakuna ambaye angewalaumu. Najua pia kwamba wengi wao ni wasafi. Lakini wakikutana sebuleni kwa mwenyekiti, penye feni na sambusa, wasishangae kusikia tumewazulia. Huyo mwenye neno yawezekana alifika mlangoni, akapiga hodi, akarudi zake kwa adabu.

Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Mize aliyepiga hodi, amrehemu na Shekhe aliyetoka akaipiga yeye. Na amzidishie rehema Bwana Mshamu, aliyekiri kwamba aliisikia.