Ngiri na Kibuyu Chenye Alama Shingoni

Paukwa!

Pakawa!

Ah, nyie wa huku nyuma mmeitika kama wenye njaa. Paukwa!

Pakawa!

Sasa nimesikia. Tulieni.

Hapo zamani za kale, palikuwa na Ngiri. Ngiri alikuwa na miguu. Alikuwa na kifua. Alikuwa na pumzi. Alichokosa ni kumbukumbu. Jambo likiingia kichwani mwake halikai, linapita moja kwa moja kama mgeni asiyekaribishwa chakula. Na siku hizo, sikilizeni vizuri, Ngiri alikimbia huku anaburura mkia chini.

Kila mvua za vuli zilipokatika, wanyama walikimbia Mbio za Kichuguu. Unatoka mtoni, unakwenda mpaka kile kichuguu kikubwa, unakizunguka, unarudi mtoni. Wa kwanza daima alikuwa Swala, hilo halina ubishi. Lakini utamu wa mbio zile haukuwa Swala. Utamu ulikuwa vibuyu.

Kila mkimbiaji alikuwa na kibuyu chake, kimetobolewa tundu dogo chini, kimezibwa kwa kijiti, kimetundikwa kwenye mgunga. Siku ya mbio vinajazwa maji pomoni. Ngoma ikilia, ti! ti! ti!, vijiti vinang'olewa. Wewe unakimbia, maji yako yanadondoka, to! to! to! Ukifika, tundu linazibwa. Hapo Nungunungu, mlinzi wa vibuyu, hutumbukiza mwiba wake ndani, hutazama maji yalipofikia, kisha huchora alama nje. Maji yakiwa juu ya alama yako ya zamani, umejipita mwenyewe. Unapigiwa vigelegele hata kama umefika wa mwisho.

Lakini usipojipita kwa misimu mitatu, ole wako! Kibuyu chako kinapasuliwa, kinafanywa kata ya kuchotea uji. Na wewe unakaa kando na wasiokimbia, unawachotea uji wenzako.

Ngiri alikuwa hajajipita misimu miwili. Msimu wa tatu huo unakuja.

Si kwamba hakuwa na mbio. Ngoma ikilia alichomoka, puru! puru! puru!, vumbi mpaka mbinguni. Akifika katikati anasimama ghafla. "Hivi mimi nakimbilia nini?" Anatazama kushoto. Anatazama kulia. Anaona majani mabichi. Anapiga magoti, kru kru kru, anatafuna. Akija kukumbuka, wenzake wameshakunywa uji, wameshapangusa midomo.

"Baba watoto," mkewe alimwambia, "mbio hazikushindi. Yanayokushinda ni majani."

"Mama watoto, usinicheke. Wakikipasua kibuyu changu mimi nitakufa."

"Hutakufa. Utachota uji."

"Ndiko kufa kwenyewe huko!"

Basi siku moja kabla ya mbio, adhuhuri, jua la utosi, Nungunungu amelala usingizi wa pono, Ngiri akanyata mpaka kwenye mgunga. Nya, nya, nya. Mdomoni ana nta ya nyuki. Akalikandika tundu la kibuyu chake kwa nta, akaacha upenyo mwembamba kama ncha ya mwiba, maji yadondoke kwa shida. Nya, nya, nya, akarudi nyumbani. Jambo hilo, ajabu, hakulisahau!

Asubuhi ngoma ikalia, ti! ti! ti! Ngiri, puru! puru! puru! Katikati, akasimama. "Hivi mimi nakimbilia nini?" Magoti chini, kru kru kru. Kama mlidhani mwaka huo angekuwa na akili, poleni.

Akafika wa mwisho, majani yananing'inia mdomoni. Macho yote yalikuwa kwa wakimbiaji, nani angetazama kibuyu kinavyodondoka? Nungunungu akatumbukiza mwiba. Akautazama. Akautumbukiza tena.

"Jamani," akasema, "maji yako shingoni!"

Akachora alama shingoni mwa kibuyu, mahali ambapo hakuna aliyewahi kuchorewa, hata Swala. Vigelegele! Kanga, yule mwenye domo lisilojua kupumzika, akaruka juu na chini. "Tumdhaniaye siye, kumbe ndiye! Tumdhaniaye siye, kumbe ndiye!" Ngiri akabebwa juu juu. Akalia kwa furaha, na furaha yenyewe ilikuwa ya kweli, kwa maana alikuwa ameanza kujiamini.

Desturi ni kwamba aliyejipita anapeleka kibuyu nyumbani kikaoshwe. Mkewe akakiosha. Akakuta donge linanata.

"Baba watoto, hii ni nini?"

"Nta."

"Imefikaje humu?"

"Nimesahau."

"Haya," akasema mkewe. Akaibandua nta yote, akakisuuza kibuyu, akakianika. Wanaume mliooa mnaijua hiyo "haya".

Mwaka ukazunguka. Habari za Ngiri zikavuka mto. Wakaja hata wanyama wa bonde la pili kumwona huyo mwenye alama shingoni. Ngiri akakitazama kibuyu chake pale mtini. Kuipita alama ile ingebidi afike kabla hajaondoka! Na nta angeiweka wapi, watu wanakodolea macho kibuyu chake mchana na usiku?

Akamwendea mkewe. "Mama watoto, nisaidie. Safari hii nataka kukimbia kweli."

Mkewe akamtazama sana. "Kichwani mwako hapakai kitu. Basi jambo lako liweke mkiani. Inua mkia, usimame wima. Ukiuona uko juu, jua uko mbioni. Usiushushe mpaka mtoni."

Ngoma ikalia, ti! ti! ti! Ngiri akainua mkia, twaa! Puru! puru! puru! Akafika katikati. "Hivi mimi nakimbilia..." Akageuka, akaona mkia uko juu. "Aa! Niko mbioni!" Puru! puru! puru! Akaona majani mabichi, mate yakamtoka. Akageuka, mkia uko juu. "Niko mbioni!" Akakizunguka kichuguu. Akampita Nyumbu. Akampita Pofu. Kifua kinawaka moto, miguu haigusi ardhi. Hajawahi kukimbia vile tangu azaliwe, na mwenyewe alijua.

Akafika mtoni. Nungunungu akatumbukiza mwiba, akatikisa kichwa.

"Maji yameipita ile alama ya kale, lakini ya shingoni hayakuikaribia. Ngiri hakujipita."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Kanga akamjia taratibu, akamgusa bega. "Pole, mzee wangu. Mwaka jana ulikuwa na damu moto. Uzee nao hauna hodi."

Pole! Siku aliyotafuna majani alibebwa juu juu. Siku aliyokimbia mbio za maisha yake anapewa pole! Ngiri machozi yakamtiririka mpaka kwenye meno.

"Sikuzeeka," akasema. "Mwaka jana niliweka nta."

Watu wote, kwa! kwa! kwa! Wakacheka mpaka Nyumbu akaanguka.

"Ifuteni ile alama," Ngiri akaomba.

"Alama ikishachorwa haifutwi," akasema Nungunungu. "Njia ya mwongo ni fupi, bwana, lakini alama yake ni ndefu."

Basi Ngiri akakitwaa kibuyu chake mwenyewe, kile alichokililia, akakipiga kwa meno yake, pa! Kikapasuka vipande viwili. "Hiyo kata yenu. Nipeni kibuyu kipya."

Mwenye kibuyu kipya hukimbia na watoto. Hiyo nayo ni desturi. Msimu uliofuata Ngiri alisimama mstari mmoja na vitoto vya digidigi vinavyomfikia magotini, mkia juu, uso mzito. Wakamcheka. Akakimbia. Akachorewa alama ya kweli. Msimu mwingine akakimbia tena, mkia juu, na maji yakaipita alama yake kwa upana wa ukucha.

Ukucha tu! Lakini vigelegele vilivyopigwa siku hiyo viliamsha popo.

Mkewe akamchotea uji kwa kata ileile iliyotokana na kibuyu cha zamani, na alama ya uongo bado iko pale juu ukingoni.

"Nijazie mpaka kwenye alama," Ngiri akasema.

"Haya," akasema mkewe, akamimina. "Angalau uji umeifikia."

Ndiyo maana mpaka leo ngiri akikimbia mkia uko juu. Ukiona umeshuka na mwenyewe amepiga magoti, ujue ameshasahau.

Funzo lake ni hili: anayejidanganya mwenyewe atakuja kushindwa na uongo wake hata siku anayofanya kweli. Bora alama ya chini uliyoifikia kwa miguu yako.

Hadithi yangu imeishia hapo, mtoni, penye kata. Mwenye uji anichotee, mwenye nta aiache nyumbani.