Hilaria na Daraja la Magogo

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Jumatatu, tarehe kumi na nne Aprili, mwaka 1975. Mvua ilikuwa imekesha ikinyesha juu ya uwanda wa Ufipa, na udongo ulikuwa umelainika kama mlenda. Asubuhi hiyo Bertilla, mke wa Modesti, alishikwa na uchungu wa kujifungua. Mganga wa zahanati alipomtazama akasema haya si ya hapa, liitwe gari la wagonjwa kutoka Sumbawanga. Kijiji chao, kilichokuwa kati ya Msanzi na Mwazye, hakikuwa na simu. Kilikuwa na pikipiki moja tu, mali ya umma, na ufunguo wake alikuwa nao Flavian, karani kijana aliyekabidhiwa juzijuzi na wakubwa wa wilaya mbele ya mkutano, kwa makofi na nyimbo.

Modesti alikuwa mkulima wa ulezi na mahindi aliyeishia darasa la nne, lakini zamani aliwahi kuendesha pikipiki ya misheni. Alikuwa amekwisha kumwonya yule kijana. Alimkumbusha kwamba huku kwao ng'ombe mchanga hafungwi jembe peke yake. Hufungwa nira moja na ng'ombe mzee mpaka aujue mtaro, ajue na kusimama.

"Nawe panda kwanza nyuma yangu, mwanangu," alimwambia. "Kisha nami nipande nyuma yako. Na daraja la magogo halivukwi umekaa. Teremka, uisukume."

Flavian alicheka. "Mzee Modesti, hii haili majani. Nikiisukuma watu watasema nimepewa mbuzi wa mnadani."

Basi, siku ile akatoka kama mshale. Darajani hakuteremka. Gurudumu la mbele likazama katikati ya magogo mawili, pikipiki ikapinduka, naye akavunjika paja. Wachungaji ndio waliomkuta. Habari ikafika Sumbawanga kwa miguu, na gari lilipokuja Bertilla alikuwa amekwisha kufumbwa macho, yeye na mtoto wake.

Baada ya matanga wakubwa walikuja wakaitisha mkutano. Wakailaumu mvua. Wakamlaumu na Flavian, ambaye alikuwa amelala hospitali na hawezi kujitetea. Modesti akasimama akauliza swali moja: ni nani aliyempa ufunguo mtu ambaye hajafundishwa? Akajibiwa kwamba swali lake limepokelewa, litajibiwa mkutano ujao. Mikutano ilikuja ikapita. Sukari ilipungua miaka ile, sabuni nayo ilipungua, lakini mikutano haikupungua hata kidogo.

Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Wako wanaodhani methali hii ilitungwa kwa ajili ya wavivu. Sivyo. Ni methali ya mtu anayetaka kufika.

Modesti alibaki na binti mmoja, Hilaria. Alimsomesha kwa jasho la jembe mpaka akawa nesi mkunga, akapangiwa zahanati ya kijijini kwao. Siku ya kwanza binti alipovaa gauni jeupe, baba yake alizunguka kijiji kizima kifua mbele, utadhani gauni kalivaa yeye.

Haukupita muda zahanati nayo ikaletewa pikipiki. Bwana mkubwa alifika na ufunguo, akatangaza kuwa nesi ataanza safari kesho yake. Modesti akauliza nani atamfundisha. Mkubwa akasema huyu ni msomi, atajifunzia njiani. Watu walikuwa wameshainua mikono wapige makofi. Hilaria akauchukua ufunguo, akauweka mezani taratibu.

"Nitaupokea siku baba atakaponiambia nimeiva," alisema.

Mkubwa alimwita mkaidi mbele ya watu wote. Modesti akaenda kusimama kando ya binti yake, kifua mbele.

Masika yote ile baba na binti walifungwa nira moja. Kwanza Hilaria alikaa nyuma, kisha mbele. Alifundishwa kukaza kanga yake isije ikaliwa na mnyororo, kuiacha injini imshike kwenye mteremko badala ya kukamata breki ya mbele kwenye utelezi, na kutoondoka kamwe akiwa na hasira. Kila walipofika kwenye magogo aliteremka, akasukuma. Oswaldi, muuza duka la kijiji, aliyeendesha pikipiki ya duka kama mtu anayefukuzwa na nyuki, alikuwa akiwapita na kuwarushia maneno.

"Nesi, hiyo mnaiendesha au mnaichunga?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Hilaria naye alicheka, akaendelea kusukuma.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Februari, mawingu yakiwa mazito kama mchana umefunikwa chungu, Oswaldi alifika zahanati mbio, uso umempauka. Mkewe Margareth alikuwa amekwenda kwa mama yake Mwazye kujifungua mtoto wa kwanza, kama ilivyo desturi. Sasa alikuwa anatoka damu nyingi.

"Panda nyuma yangu, nesi," alisema. "Kwa mwendo wako huo mke wangu atakufa."

Modesti alikuwapo. Aliisikia tena asubuhi ile ya Bertilla, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile alitamani kusema kimbieni. Akajiuma ulimi. Akamtazama binti yake.

Hilaria alikuwa akiufunga mkoba wa dawa. "Oswaldi, tukianguka wote, Margareth atabaki na nani? Wewe tangulia."

Oswaldi akaondoka akirusha matope. Hilaria alifuata na mwendo wake uleule. Alipofika kwenye daraja alimkuta ameketi ukingoni, kashika bega, na pikipiki ya duka imenasa kati ya magogo, gurudumu la nyuma likizunguka bure hewani. Hilaria alimpapasa bega, akaona halikuvunjika. Kisha akaishika pikipiki yake, akaisukuma juu ya magogo kando ya ile iliyonasa mpaka ng'ambo, hatua kwa hatua.

"Beba mkoba, njoo kwa miguu," alimwita.

Oswaldi alivuka na mkoba mkononi. "Hunicheki?"

"Nitakucheka Mwazye. Sasa panda. Ninapoinama, nawe inama na mimi. Usinipinge."

Walifika. Kazi haikuwa ndogo, lakini kabla jua halijazama damu ilikuwa imesimama, Margareth alikuwa ameomba uji, na mtoto wa kike alikuwa akilia kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. Tangu siku hiyo Oswaldi hakuvuka tena magogo akiwa amekaa, na kila alipokutana na Modesti alimwamkia, "Shikamoo, mwalimu."

Mkutano uliitishwa, kama kawaida. Bwana mkubwa aliyemwita Hilaria mkaidi ndiye aliyesimama kumsifu. Alisema ofisi ndiyo iliyomlea na kumfundisha. Akina mama wakapiga vigelegele. Modesti, aliyekuwa ameketi mbele na koti lake la Jumapili, alimwangalia binti yake na kuona kwamba hata kama dunia nzima ingedai imemfundisha, yeye ndiye aliyekaa nyuma yake masika yote. Hilo halikumuudhi. Akasimama, akawashukuru kwa kumsifu mtoto wake.

"Ila lile swali langu la mwaka wa sabini na tano," akasema, "bado liko mikononi mwenu."

Bwana mkubwa alitazama saa. Mkutano ukafungwa.

Hilaria alikuwa ushahidi unaotembea, na kijiji kizima kilikiri kwamba mwenda pole hajikwai. Lakini kijana aliyejikwaa kwa sababu hakufundishwa kwenda, na mkubwa aliyempa ufunguo akampigia makofi, ni nani kati yao aliyemwangusha Bertilla?