Perege Walioshiba

Ndugu zangu, njooni tukae kidogo kando ya shimo la matofali.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, mfyatua matofali. Kila alipochimba udongo aliacha shimo, mvua ikalijaza, na viluwiluwi wa mbu wakatamalaki humo. Nyumba za jirani hazikuisha homa. Siku moja bwana afya akaja na ndoo ya samaki wadogo, perege, akawamimina shimoni.

"Hawa watakula viluwiluwi kabla hawajaota mabawa," akasema. "Usiwavue, mama. Wala usiwape chochote."

Mama yule wanawe walikuwa wameolewa mbali. Mchana, matofali yakiwa yameanikwa, alikaa ukingoni peke yake. Maji yalikuwa kimya, mawingu yamelala ndani yake, na perege wakipita katikati ya mawingu kana kwamba wanaruka angani. Aliwatazama hadi usingizi ukamnyemelea, akasahau mgongo unaouma, akasahau hata upweke. Ndipo huruma ikamwingia. Wadogo vile, watashiba kweli kwa viluwiluwi?

Akawaletea pumba. Kesho yake, ukoko wa ugali. Wakamzoea, akisogea tu, wanamjia wote, midomo wazi. Nani kati yetu asingefurahi?

Mwezi haujaisha, binti wa jirani, mtoto wa miaka minne, akashikwa na homa mpaka degedege. Wakamkimbiza hospitali hajitambui. Mama yule akampigia bwana afya simu kwa uchungu.

"Samaki wako ni bure! Mbu wamezidi kuliko mwanzo!"

Bwana afya akaja, akachuchumaa, akachota maji kwa kikombe cheupe. Viluwiluwi wakajinyonganyonga humo. Perege mmoja mnene akapita karibu, taratibu, kama mtu atokaye harusini.

"Mama, unawalisha?"

"Pumba kidogo tu, mwanangu. Nawaonea huruma."

Bwana afya akamwaga yale maji, akasema polepole, "Samaki hawana ubaya, mama. Wameshiba."

Mama akaketi chini, pale pale kwenye udongo mbichi, akalia. Tangu siku hiyo pumba walipewa kuku. Perege walimjia wakangoja; akajikaza, akageuza uso. Wiki mbili baadaye kikombe kilichota maji matupu. Na yule mtoto? Mungu ni mwema, alirudi nyumbani. Lakini mguu wake mmoja alibaki akiuburuta.

Sasa naona mnangoja nimseme yule mama. Leo simsemi. Mimi nawawaza wale perege. Hawakuua mtu, hawakuiba, hawakugombana. Waliogelea vizuri, wakapendeza kutazamwa. Viluwiluwi walipita mbele ya midomo yao, nao hawakufumbua kinywa.

Je, sisi siyo hao? Jumapili kwa Jumapili tunakuja hapa kanisani, tunalishwa. Kwaya inatubembeleza, nami nawamwagia pumba zangu, tunatoka tumenenepa kwa baraka. Uonevu mdogo unapita mbele yetu ungali kiluwiluwi, unamezeka kwa neno moja tu, nasi tunaupisha. Ukishaota mabawa tunaitana kwenye maombi.

Ndugu yangu, Mungu hakukumimina katika mtaa ule ili upendeze. Jirani yako ana homa. Wewe umeshiba nini?