Nani Alimlaza Kauzibe?

Sogeeni, wasikilizaji. Mwenye usingizi akalale mapema, maana hadithi hii ina kesi tumboni, na mahakimu ni ninyi.

Muheza palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Mhina, fundi baiskeli, alikuwa na mkono wa bahati: dadu akizirusha yeye, zilitua zikimchekea. Selestini, mwalimu wa kwaya, alikuwa na sikio: neno likiteleza kwenye kona ya chumba, yeye kishalidaka. Tabia, muuguzi wa zahanati, alikuwa na moyo wa kutoa, tena alitoa bila kutangaza, jambo ambalo ni adimu kuliko bahati na sikio vikiwekwa pamoja.

Wa nne, mwenye kesi yake, aliitwa Mwanakombo. Yeye kipaji chake kilikuwa mdomo. Kila Jumapili mchana aliwakusanya watatu hao kwenye meza ya sebuleni kwake, wakacheza mchezo wa kuigiza kwa maneno. Msimulizi alikuwa yeye: aeleze pori, aeleze mto, alete adui na kumsemea. Wachezaji, kila mmoja na mhusika aliyembuni mwenyewe, wanasema wanafanya nini, na dadu zinaamua kama limewezekana. Mwanakombo aliujua mchezo wake na aliwajua watu wake. Hakuwahi kubabaika mezani.

Meza ile ilikuwa na sheria moja isiyochezewa. Adui akiishiwa nguvu, amekufa. Ila mchezaji akisema "namlaza" kabla dadu hazijatua, adui anazirai tu, na baadaye anaweza kuamka. Neno hutangulia dadu. Ukipiga kwanza halafu ukaanza kujitetea, "Ah, mimi nilitaka kumlaza tu," Mwanakombo atakutazama na kukwambia, "Pole. Tuchimbe kaburi."

Basi Mwanakombo akapata uhamisho wa kikazi kwenda Songea. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kusema. Meza ile aliianzisha alipofiwa na mumewe, siku zile sebule ilipokuwa kubwa mno kwa mtu mmoja, na ndiyo iliyomrudisha kwenye kucheka. Aliogopa kwamba akiondoka, meza itakufa. Wazo la kupokezana usimulizi walishalijaribu. Mto ulipanda mlima na mfalme mmoja akazikwa mara mbili. Lazima mmoja arithi kiti.

Akawatangazia. "Jambazi Kauzibe ameziba chemchemi ya kijiji, na ufunguo wa lango la maji kauficha anakojua yeye peke yake. Akifa, kijiji kimekwisha kwa kiu. Sasa nisikilizeni. Atakayemlaza Kauzibe, akamleta hai, kiti changu ni chake."

Wote watatu walikitaka. Wenyewe walijifanya hawakitaki, lakini Jumapili ya mwisho waliwahi kufika hata kahawa haijachemka.

Pambano lilikuwa kali. Kauzibe alimchoma mkuki mhusika wa Tabia, mganga aliyeitwa Bibi Mnyaa, akabaki anavuja damu na kichupa kimoja cha dawa mkononi. Mhusika wa Selestini, mpiga zeze, alikuwa amejibanza nyuma ya jiwe. Ikafika zamu ya Mhina, ambaye mhusika wake alikuwa mwanamieleka mwenye rungu. Mhina akasimama, akazipulizia dadu, akapaza sauti.

"Namzima!"

Akazirusha.

Mwanakombo alishtuka. Namzima? Kumzima mtu ni kumfanyaje? Aliyezimia huzinduka, lakini aliyezimwa je? Alifungua mdomo aulize, na dadu zilikuwa bado zinabiringika kuelekea kwenye birika, pale Selestini alipopiga meza kwa kiganja.

"Naingilia kati! Nadaka mkono wake, pigo lisiue. Namlaza!"

Kila mchezaji aliruhusiwa kuingilia zamu ya mwenzake mara moja tu kwa mchezo mzima, na Selestini alikuwa ameitunza nafasi yake mchana kutwa. Alipomaliza tu neno lile, dadu zikatua. Sita na sita.

"Kauzibe chini!" Mhina akarukaruka kama aliyefunga goli.

"Ngoja kwanza," Mwanakombo akasema. "Sita mbili ni pigo la kupasua, hata kama ni la kulaza, na hilo mnalijua. Amezirai, lakini kichwa kinamwaga damu. Asipotibiwa sasa hivi, hataamka."

Furaha ikakatika. Wote wakamgeukia Tabia.

"Nampa dawa," Tabia akasema.

"Shoga, dawa ni hicho kichupa kimoja. Na wewe una jeraha la mkuki. Bibi Mnyaa ata—"

"Najua. Mpe."

Kauzibe akavuta pumzi. Bibi Mnyaa akafa palepale, kando yake. Tabia alikuwa amemcheza mganga yule tangu siku ya kwanza ya meza ile. Alijipangusa macho kwa ncha ya mtandio, akajimiminia kahawa.

Kisha wakaanza.

"Da Mwanakombo, tusizungushane," Mhina akasema. "Jamaa kaangushwa na nani? Hawa wangepiga zeze na kumwaga dawa mpaka Jumapili ijayo, Kauzibe bado kasimama. Na kuzima ni kulaza! Mimi redio yangu naizima kila usiku, na asubuhi inaongea."

"Redio ni redio, Mhina," Selestini akajibu. "Neno la meza hii ni 'namlaza', na aliyelisema kabla ya dadu kutua ni mmoja. Bila mimi, hapa tungekuwa tunachimba kaburi. Dada, wewe mwenyewe ulisema 'atakayemlaza'. Hukusema atakayempiga."

Tabia alikuwa anakoroga kahawa yake. Mwanakombo akamwuliza, "Na wewe?"

"Mimi sikupiga, wala sikusema neno," akasema Tabia. "Lakini ulimalizia kwa 'akamleta hai'. Uhai anaopumua Kauzibe sasa hivi ulikuwa wa Bibi Mnyaa."

Mwanakombo akawatazama mmoja mmoja. Alimpenda Mhina, maana meza isiyo na mtu wa kurukaruka ni mkutano wa kamati. Alimheshimu Selestini, kwa kuwa bila mtu wa kulinda neno, kila mtu angecheza mchezo wake. Na Tabia alimwonea uchungu. Lakini kiti alikuwa amekiahidi kwa aliyemlaza Kauzibe, wala hakuahidi kwa anayependwa wala anayeonewa uchungu. Akitaja jina moja, wawili wanaweza wasirudi. Asipotaja, hatarudi hata mmoja. Mwanamke yule asiyebabaika, siku hiyo alihisi mdomo umemkauka.

Hatimaye akainuka, akakisogeza kiti chake nyuma, akasimama kando yake.

"Kauzibe anafumbua macho," akasimulia. "Anawatazama waliomzunguka. Anataka kusema ulipo ufunguo wa lango la maji. Anafungua kinywa, anasema..."

Akanyamaza. Atakachosema Kauzibe hakikuwa chake tena. Kilikuwa cha mtu wa kukaa pale, na kiti kilikuwa kitupu, na watatu wale walikitazama bila yeyote kuthubutu kukigusa kabla hajaitwa.

Haya, wasikilizaji. Mwenye pigo, mwenye neno, au mwenye dawa? Tajeni jina moja. Mawili hayapokelewi hapa. Na ukishalitaja, wageukie wale wawili uliowaacha, uwatazame usoni, uwaambie kwa nini waje tena Jumapili. Je, wewe ungeamua vipi?