Maji ya Zamu ya Mzee Mbonea

Maji yaja!

Yaje tunywe!

Kabla hayajafika, ndugu zangu, niungame. Mimi ninayewasimulia niliwahi kufungua maji ya jirani, tena Jumapili, yeye akiwa kanisani. Mungu anirehemu. Basi sikilizeni.

Hapo kale, kale sana, katika nchi ya vumbi na miiba, palikuwa na mfereji mmoja. Kando yake aliishi bibi mmoja, Nakunda, na mjukuu mchanga aliyefiwa na mama. Mtoto yule hakuwa na chakula ila maziwa ya ng'ombe wao, Kidoti.

Desturi ya pale, ukijaliwa ng'ombe, mtamba wake wa kwanza, yaani ndama jike aliyekua, unampa jirani asiye na kitu. Nakunda alimpa mtamba wa Kidoti Mzee Mbonea, aliyeishi ng'ambo ya mfereji. Maji nayo yalikwenda kwa zamu: leo kwa Nakunda, kesho kwa Mbonea.

Kiangazi kikakaza. Kenge akatoa kichwa mferejini.

"Bibi, matete ya kumlisha ng'ombe wako yamekuwa ufagio! Fungua kidogo tu. Mzee amelala mdomo wazi, nzi wanaingia na kutoka."

"Si zamu yangu."

"Kwani maji yameandikwa jina?"

Nakunda akafungua. Matete yakanywa. Kenge akala vyura waliokuja na maji, akashiba.

Jioni Kidoti akatoa nusu kibuyu.

"Mbona umebana maziwa, Kidoti?"

"Nasikia kilio, bibi."

Zamu ya pili ya Mbonea, Kenge huyo. "Kidogo tu, bibi." Akafungua. Jioni, kikombe kimoja.

"Nasikia kilio, bibi."

Zamu ya tatu, akafungua tena. Jioni, hata tone. Mtoto akalia mpaka sauti ikamkauka.

Nakunda akapiga magoti kwenye samadi. "Nakulisha majani mabichi, nawe waniulia mjukuu! Kilio gani hicho?"

"Cha mwanangu, kwa Mbonea. Matete yao yamekufa. Yeye akilia njaa, maziwa hayashuki, bibi. Siyo ukaidi."

Nakunda akakata mzigo wa matete, akavuka mfereji mbio.

"Shikamoo, Mzee Mbonea. Mwizi wa maji yako ni mimi. Mara tatu."

"Marahaba. Kumbe! Nami nimemtukana fuko wa watu wiki nzima, nikidhani ndiye anayetoboa mfereji!" Akapokea mzigo. "Tumlishe huyu mtamba kwanza. Ugomvi utatungoja."

Nakunda akamwachia zamu zake tatu. Mtamba akala, akanyamaza. Ng'ambo, Kidoti akateremsha maziwa, povu likamwagika kibuyuni. Mtoto akanywa, akacheua, akalala.

Kenge je? Yuko kwenye tope kavu, ulimi nje: "Kidogo tu, kidogo tu." Hajibiwi hadi leo.

Funzo ni hili: ukimkausha jirani, njaa yake itarudi nyumbani kwako.

Maji yamepita!

Yafike salama!

Nanyi nawaomba: kesho ni zamu ya yule mjane wa bondeni. Msiguse maji yake.