Jasho la Bi Chura

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa nani?

Pakawa Bi Chura na wanawe.

Wanawe wangapi?

Usiwahesabu, bado hawajaota miguu.

Basi tegeni masikio, na huyo anayesinzia pale nyuma mwenzake amfinye kidogo, maana nikishamaliza sirudii.

Hapo zamani za kale, katika nchi ya wanyama, jua lilikaa miezi na miezi bila kuipisha mvua. Mito ikageuka njia za mchanga. Mnyama akitaka maji alichimba, na akichimba alipata vumbi.

Katika nchi hiyo alikuwako Bi Chura, mjane, mwenye watoto wengi wadogo, viluwiluwi watupu. Waliishi katika dimbwi moja, na dimbwi lenyewe lilikuwa limebaki upana wa ungo. Sasa, kiluwiluwi hana pa kukimbilia. Maji yakiisha, naye kaisha. Sisi hushtuka maji yakitufika shingoni. Bi Chura alishtuka yalipomshuka magotini.

Si mbali na dimbwi hilo palikuwa na kisima cha Bwana Nyani. Bwana Nyani alikuwa tajiri, na alipenda aonekane mcha Mungu. Kofia haikumtoka kichwani, tasbihi haikumtoka mkononi, na mafundisho ya dini alikuwa nayo mengi mdomoni. Nimesema mdomoni. Kando ya kisima alijenga hodhi pana ya kunyweshea, yenye kivuli kizuri. Lakini kisima kilikuwa kimejaa tope, na hodhi ilikuwa kavu.

Bwana Nyani akatafuta vibarua watatu. Akamwajiri Punda wa kuvuta tope kwa kamba. Akamwajiri Bi Kanga wa kuchakura udongo mgumu. Akamwajiri Bi Chura wa kushuka chini kabisa, kwenye majimaji, mahali ambapo wengine wasingethubutu.

Punda alikuwa ameshaonja ya dunia, akasema kwanza wapatane, maana dini inataka kibarua aujue ujira wake kabla hajashika kazi. Wakapatana. Punda angepata gunia la pumba. Bi Kanga angepata kikapu cha mtama. Bi Chura akasema yeye pumba hataki na mtama hataki. Anaitaka hodhi ile ijazwe maji, wanawe wakae humo mpaka mvua inyeshe.

Bwana Nyani akaweka mkono kifuani.

"Msiwe na wasiwasi," akasema. "Kwangu mimi kibarua hulipwa kabla jasho lake halijakauka, kama alivyotuagiza Mtume."

Wote wakamsalia Mtume, wakaingia kazini.

Siku ya kwanza, Jumamosi, wakachimba. Punda akavuta, Bi Kanga akachakura, na kutoka chini ya kisima ikasikika sauti ya Bi Chura akiimba:

Chimba, chimbua, maji yako chini,
wanangu ngojeni, mama yu kazini.

Siku ya pili, Jumapili, wakachimba. Punda akavuta, Bi Kanga akachakura, na Bi Chura akaimba wimbo wake. Siku hiyo dimbwi lilikuwa upana wa sinia.

Siku ya tatu, Jumatatu, wakachimba tena. Ilipofika alasiri, lilibaki tabaka moja la tope, zito, linalonuka. Bi Kanga akasema waliache tu. Maji yameanza kuonekana, na Nyani hatashuka kukagua.

"Tulipatana kisima kizima," akasema Bi Chura. "Nikipokea ujira wa kisima kizima kwa kazi ya nusu, nami nitakuwa dhalimu. Nipe kamba."

Wakalitoa tope lile la mwisho. Maji yakabubujika, meupe, matamu, Bi Chura akapandishwa juu yamemfuata miguuni. Akatabasamu mwenyewe. Alijua kwamba wanawe wamepona.

Kumbe bado.

Wa kwanza kwenda kudai alikuwa Punda, jasho linamtiririka mpaka kwatoni. Akaambiwa asubiri, Bwana Nyani yumo katika nyiradi zake za baada ya sala. Akasubiri. Nyiradi za siku hiyo zilikuwa ndefu, jamani, hazijapata kuwa ndefu vile. Bwana Nyani alipotoka, upepo ulikuwa umeshampiga Punda. Nyani akampapasa mgongo, akatikisa kichwa. Akasema jasho limeshakauka. Yeye aliagizwa alipe kabla halijakauka; baada ya hapo hakuagizwa kitu.

Wa pili alikuwa Bi Kanga. Nyani akamfunua manyoya, akatazama huku, akatazama kule. Akasema hapa jasho halikutoka hata tone. Ndege hatoki jasho. Na pasipo jasho, kuna ujira wa nini?

Wa tatu alikuwa Bi Chura. Nyani akamgusa mgongoni kwa ncha ya kidole, na kidole kikarudi kimelowa.

"Wewe bado u mbichi," akasema. "Muda ninao. Njoo kesho."

Mnaijua ngozi ya chura ninyi? Chura amezaliwa amelowa. Jasho la namna hiyo likingojewa likauke, mvua itakuja na kuondoka. Nyani hata aibu hakuona. Wenyewe walisema nyani haoni kundule, na jioni ile ile alikuwa barazani akiwahimiza majirani watende haki.

Jumanne Bi Chura akarudi. Nyani akagusa, kidole kikalowa. Akamwambia muda bado ninao, njoo kesho. Dimbwi lilikuwa upana wa sahani.

Usiku kucha Bi Chura hakulala. Jumatano, jua lilipokuwa kali, akapanda juu ya jiwe la moto, akajianika mwenyewe. Jua likamchoma. Ngozi ikamkaza, macho yakaingia kiza, pumzi ikawa ya kuokoteza. Kwa chura hicho ni kifo, naye alikijua. Aliposikia mgongo umekauka, akajiburuta mpaka kwa Bwana Nyani.

Nyani akamgusa mgongoni. Kidole kikarudi kikavu.

"Lo, limekauka," akasema. "Ulikuwa wapi siku zote, Bi Chura?"

Bi Chura alimtazama yule mzee mwenye tasbihi, kisha akaitazama hodhi. Sasa ilikuwa imejaa maji mpaka pomoni, hakuna anayekaa ndani. Akalia pale pale mbele ya vibarua wenzake, na hakuona haya.

Punda akasema wamshitaki kwa Kadhi. Bi Kanga akacheka kwa uchungu. Akasema dua la kuku halimpati mwewe, na zaidi ya hapo, je, Bi Chura amesahau Kadhi ni nani?

Ni kweli, sijawaambia. Kadhi wa nchi ile alikuwa Korongo, na Korongo hula vyura. Kwa hukumu alikuwa mwadilifu, hakuna aliyemlalamikia. Lakini kwa chakula alikuwa korongo kama korongo wengine.

Bi Chura akafuta machozi, akafikiri.

"Leo ni siku gani?" akauliza.

Wakamwambia Jumatano.

"Basi kesho Alhamisi. Kadhi hufunga saumu ya sunna kila Jumatatu na Alhamisi. Nitakwenda kesho."

Alhamisi asubuhi dimbwi lilikuwa upana wa kifuu cha nazi. Watoto walikuwa wamelaliana, migongo nje, mikia tu ndiyo inatikisika. Bi Chura akawaambia wamngojee, kisha akaondoka haraka na Punda na Bi Kanga, akiogopa mbele na akiogopa nyuma.

Kadhi Korongo alikuwa amesimama kwa mguu mmoja barazani pake, akamtuma Punda amwite Nyani. Nyani akaja na kofia yake na tasbihi yake. Kadhi akamwambia Bi Chura asogee asikike. Bi Chura akasogea nusu.

"Nimefunga," akasema Kadhi. "Sogea."

Akasogea. Akasema yote, bila kuongeza na bila kupunguza, na akamalizia kwamba watoto wako katika maji ya kifuu na jua limeshapanda. Punda akasema yake. Bi Kanga akasema yake, na lile tabaka la mwisho alilotaka kuliacha pia akalisema.

Kadhi akamgeukia Nyani, akamuuliza kama kazi ilikuwa na kasoro. Nyani akasema hapana, maji ni mazuri, asubuhi ile ameyanywa na ameyatawadhia. Akamuuliza kama walipatana. Akasema walipatana. Akamuuliza basi amewanyimia nini. Hapo Nyani akajiweka sawa kofia, akaeleza: huyu jasho limekauka, huyu halikutoka, na huyu mara halijakauka, mara limekauka, na yeye ni mtu wa kufuata agizo.

Kadhi akashusha mguu aliokuwa ameukunja.

"La Punda lilipitwa na wakati," akasema. "La Kanga halikuwapo. La Chura halikuisha mpaka alipotaka kufa, nalo likakataliwa. Bwana Nyani, nitajie kiumbe mmoja katika viumbe vya Mungu ambaye jasho lake ungelikubali."

Nyani akafungua mdomo. Akafikiri Ng'ombe, akafikiri Paa, akafikiri Farasi. Akafunga mdomo. Akazungusha punje moja ya tasbihi, akazungusha ya pili.

Kadhi akasema kwamba agizo lile Mtume hakulitoa ili matajiri wapapase migongo ya vibarua. Alilitoa ili waharakishe. Na wako watu watatu ambao siku ya Kiyama Mungu mwenyewe atakuwa mshitaki wao, na mmoja wao ni yule anayemwajiri mtu, akaichukua kazi yote, asimpe ujira wake.

"Mimi nakuhukumu leo," akasema. "Afadhali mimi."

Hukumu yenyewe ilikuwa fupi. Punda apewe gunia lake na Kanga apewe kikapu chake, leo. Bi Chura apewe hodhi, sasa hivi. Na kwa kuwa Nyani ndiye mwenye mikono, na ndiye aliyewachelewesha, basi watoto awabebe yeye, tena mbio.

Nyani akatoka mbio. Alichukua kata ya maji, Bi Chura akarukaruka mbele akimwonyesha njia, roho mkononi. Walipofika, dimbwi halikuwa dimbwi tena, lilikuwa tope linalong'aa. Nyani akapiga magoti, akateka kata ya kwanza, akakimbia mpaka kwenye hodhi, akamimina. Akarudi, akateka ya pili, akakimbia, akamimina. Akarudi mara ya tatu, akachota kwa vidole wale waliokwama katika ufa, mmoja mmoja, na kofia ikamwanguka asiitazame.

Alipomimina kata ya tatu, Bi Chura akajitupa ndani ya hodhi. Kwanza watoto walielea tu, kimya. Bi Chura akawazunguka, akaimba kwa sauti inayokatikakatika:

Tulichimba, tulichimbua, maji yakaja,
wanangu amkeni, mama ameshakuja.

Mkia mmoja ukatikisika. Ukatikisika na wa pili. Kisha maji yote yakachemka kwa mikia, hodhi nzima, hakukosekana mtoto hata mmoja. Bi Chura akacheka, akalia, akacheka tena. Punda akatoa mlio wake ule, na siku hiyo hakuna aliyeuona mbaya.

Bwana Nyani alikuwa ameketi chini, hoi, jasho linamtoka usoni, linamtoka kifuani, linamdondoka mpaka mkiani. Bi Chura akamwona. Akaichukua ile kata, akaijaza maji kutoka katika hodhi yake, maji ya ujira wake, akaisukuma mpaka miguuni pa Nyani.

"Umenibebea wanangu," akasema. "Kunywa, kabla jasho lako halijakauka."

Nyani akaishika kata. Hakuinywa mara moja. Aliinamisha kichwa, kichwa kisicho na kofia, akakaa hivyo mpaka wenzake wakaona haya kumtazama. Halafu akanywa. Jioni hiyo gunia la Punda lilifika mlangoni kwa Punda, na kikapu cha Bi Kanga kilifika kwa Bi Kanga, na aliyevibeba ni Nyani mwenyewe. Tangu siku hiyo kibarua wa Nyani hakupata tena kungojeshwa na nyiradi.

Naye Kadhi Korongo, alipopita hapo kabla ya kwenda kufuturu, aliitazama hodhi na watoto wale wote wanono wakiogelea. Akasema amefurahi sana wamepona. Kisha akamkumbusha Bi Chura kwamba kesho ni Ijumaa, na Ijumaa yeye hafungi, kwa hiyo wajifiche vizuri chini ya jiwe pana lililomo humo hodhini.

Basi, wanangu, mlioajiri na mtakaoajiri: patana na mtu kabla ya kazi, usimbebeshe asichokiweza, na akimaliza mpe haki yake, usimtafutie sababu, kwa kuwa hujui nyumbani dimbwi lake limebaki upana gani. Nanyi mlioajiriwa, toeni tope la mwisho hata kama hakuna anayechungulia, ili siku ya kudai mdai kwa kinywa kipana.

Hapo ndipo nilipoutua mzigo wangu. Aliyeupenda aende nao kwake, awagawie wa nyumbani. Asiyeupenda auache hapa hapa kizingitini, na mimi nipeni kata ya maji, maana nimesema mpaka nimetoka jasho.